Taa ya Mama Jikoni

Jengo la 7, Chumba 1102,
Mtaa wa Songyuan,
Shanghai.
9 Desemba

Mpendwa Dada Peiying,

Hujambo? Goti linasemaje na baridi ya huko Toronto? Mimi sijambo. Kikohozi kimenizoea, hatusumbuani tena. Huku ghorofani hakuna anayenijua jina. Lifti ndiyo hunisemesha, nayo hurudia yaleyale.

Alhamisi nilikwenda kwenye jumba letu la zamani kutazama vitu vya marehemu mama, kabla hatujatia sahihi ya kurudisha chumba kwa ofisi ya nyumba. Nje vijana wamejaa, wanapiga picha zile roshani walizojenga Wafaransa zamani. Binti mmoja aliniomba kwa adabu nisogee, namharibia picha. Nikasogea. Dirisha alilolipiga picha ni la chumba nilimozaliwa.

Ghorofa yetu imebaki tupu. Wote wamehamia majengo kama langu, isipokuwa Mama Shen, yule aliyegombana na mama maisha yao yote kwa ajili ya jiko letu la pamoja.

Nilimkuta anakaanga kabichi. Nikataka kuchemsha maji, nikanyoosha mkono kwenye swichi ya taa iliyo karibu.

“Hiyo yangu,” akasema bila kugeuka. “Washa ya kwenu, mtoto wa Lanfen.”

Mtoto, na mvi zangu hizi. Lakini unaikumbuka dari ya jiko lile: taa zimening'inia kama mabuyu, kila familia na yake, mita yake, na ole wake apikaye kwa mwanga wa jirani.

Nikabonyeza kumridhisha tu, maana chumba kimefungwa tangu mazishi. Ikawaka. Balbu mpya, haina hata tone la mafuta. Nikauliza nani kaibadilisha. Akakoroga kabichi weee, mpaka ikaanza kuungua.

“Jioni mimi huiwasha,” akasema. “Nikipika na yangu peke yake, najiona kama mwizi humu. Ikiwaka ya mama yako, naona yupo, anakuja sasa hivi kunisema.”

“Kumbe unatuibia umeme.”

“Naye alichota chumvi yangu mpaka anakufa. Nyamaza ule.”

Tukala, kila mtu chini ya taa yake. Akanikosoa ninavyoshika bakuli, ninavyotafuna, hata koti langu. Dada, tangu mama afe hakuna aliyenikosoa. Nilikaa kuliko nilivyokusudia.

Sasa nina ombi. Tukitia sahihi, umeme wetu utakatwa, na Mama Shen hataki kuhama. Ile karatasi niliyokutumia usiirudishe. Iweke chini ya chungu cha maua. Wale wa ofisi wakikupigia, sema posta ni mbovu. Mimi nimewaambia miwani yangu imepotea, wakanihurumia. Uzee nao una faida zake.

Nilipotoka sikuizima ile taa. Barabarani niligeuka nikatazama juu: dirisha la jiko lilikuwa na mwanga wa watu wawili. Alhamisi hii nakwenda tena, nitavaa koti lilelile.

Nisalimie shemeji Guowei, na Xiaoqing umwambie mjomba wake bado yu hai. Wazee wetu waliotangulia wawatazame, na theluji iwe nyepesi mlangoni penu.

Mdogo wako akupendaye,
Bingsheng