Chuma Kipya cha Kengele

Jumanne, Matisi

Nilidhani uongo wangu ungedumu angalau wiki moja.

Mwalimu mkuu alinikataza mimi, karani wake, kugonga kengele ya michezo. Alitaka Gredi ya Sita wabaki ndani wafanye hesabu. Jana Nekesa, yule mwanafunzi mgeni wa gredi hiyo kutoka Naitiri asiyeongea na wenzake ila uwanjani, alikuja ofisini. "Madam, kwani hakuna PE?"

Nikamwambia chuma cha kugongea kimepotea.

Leo ameniletea kingine. "Baba amekata nondo. Sasa tutacheza, si ndio?"

Nikasema asante.

Nimekuja nacho nyumbani, kama mwizi. Kesho nikigonga, kibarua changu kitaota nyasi. Nisipogonga, Nekesa atanitazama kupitia dirisha, na atajua hakuna kilichopotea.