Mpangaji Wangu ni Mtani

Jumatatu, 4 Februari 1952
Kodi nimekusanya. Wamebana, lakini wametoa. Isipokuwa Masanja, Mnyamwezi wa chumba cha uani. Mwezi wa tatu huu hajalipa. Kuli wa bandarini, mshahara anapata. Nimemdai, akanijibu mbele ya wote: “Mtumwa wangu Mzaramo, tangu lini ukamdai bwana wako?” Nyumba nzima kicheko. Mie sikucheka. Makuti ya chumba cha mama yameoza, masika yanakuja, na bati nategemea kulinunua kwa kodi hiyo.

Jumamosi, 9 Februari
Nimekitia kufuli chumba chake. Akarudi kutoka kazini. Akamkamata jogoo wangu, akamchinja, paja akampelekea mama. Eti utani wa Wanyamwezi na Wazaramo unamruhusu. Mama akala, akaniamuru nifungue. Nimefungua.

Jumanne, 19 Februari
Nimekwenda barazani kwa Liwali kumshtaki Masanja. Karani akauliza kabila la mdaiwa. Nikamwambia. Akafunga daftari. “Mzee, unamshtaki mtani wako? Rudi nyumbani, usijiaibishe.”
Nimerudi kwa miguu mpaka Temeke. Nimefikiria kumng'olea mlango. Nimefikiria kumtupia vyombo nje. Watu watasema sijui utani. Nawachukia wote, na karani yule zaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua. Mama kalowa kitandani. Anakohoa, kifua kinambana. Masanja kaja kumtazama, nimemfukuza. Nimemlaani waziwazi, na sijutii.

Jumatano, 12 Machi
Mama alifariki jana. Leo tumezika.
Kaburi kachimba Masanja, toka alfajiri, bila kuitwa na mtu. Jeneza lilipofika akajilaza humo kaburini. “Sitoki, simpi bibi huyu nafasi, mpaka Mzaramo aseme kodi imekwisha!” Wakacheka hata waliokuwa wakilia. Ndiyo haki ya mtani msibani, hakuna wa kumgusa.
Nilitaka kumfukia yeye.
Nikasema, “Imekwisha.” Akatoka, udongo mpaka kwenye kope. Tulipokuwa tunamshusha mama nilimwona kachuchumaa pembeni, peke yake, analia.

Jumanne, 1 Aprili
Masanja kaleta kodi ya mwezi, asubuhi, sijamaliza chai. Kanishika mkono, kaniambia, “Shikamoo, mzee.” Hajapata kuniamkia hivyo tangu ahamie hapa. Kaenda zake kazini.
Nilikaa barazani na zile fedha mkononi. Nilitaka anitukane.