Gamba Dogo Kuliko Uwele

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Nimefurahi kusikia uwele umeiva huko Mtinko. Mimi bado navunja mawe huku Lindi.

Unauliza mtu anajuaje kuwa kitu ni kipya. Miaka ya Ujamaa nilimchimbia mama mmoja mtaalamu wa miamba. Kwenye mwamba uliokuwa sakafu ya bahari zamani alipata gamba la mdudu wa majini lililogeuka jiwe, dogo kuliko punje ya uwele. Wenzangu walinitania, "Mnyaturu kaacha ng'ombe, anachunga vumbi!"

Nikamwambia, "Mama, huyu mpya. Mpe jina, kambi inafungwa."

"Bado. Huenda ni mtoto wa aina tunayoijua. Hawa wakikua hubadilisha magamba."

Tukachekecha vumbi la mwamba ule mpaka tukapata gamba la mdudu wa aina ile aliyekwisha kukua. Naye hakufanana na aina yoyote inayojulikana. Ndipo mama akaandika jina.

Sijaona tena msomi anayeogopa kukosea namna ile.

Babu yako