Loshoro ya Mama Mdogo

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo utanigombeza hukohuko uliko.

Kaburi lako pale kwenye migomba lilikuwa limeota majani, nimeyang'oa. Ng'ombe wako kazaa ndama jike. Na mdogo wako, mama mdogo Naomi, bado analala chumbani kwako. Hapo ndipo roho yangu inapochafuka.

Maana siku ile ulipoanza kutapika ulikuwa umekula nini? Loshoro yake, yale mahindi na maziwa mgando. Tumbo likajaa, choo hakuna, hata upepo hautoki. Kijiji kizima cha Akheri kilisema sumu, siyo mimi peke yangu.

Daktari alikupasua tukiwa tumeshachelewa, utumbo umeoza. Akatuambia ni ngiri. Ngiri! Mwanamke? Tangu nizaliwe naisikia kwa wanaume tu. Nikamkazia macho, nikajua kuna kitu anakificha. Eti ipo ngiri ya nadra, huwapata hasa akina bibi waliokonda: utumbo unapenya kwenye kitundu cha mfupa wa nyonga, ndani kwa ndani, nje hakuna uvimbe. Akauliza kama ulikuwa ukilalamikia paja, upande wa ndani, kushuka hadi gotini, eti utumbo ukibana mshipa wa fahamu pale, maumivu hushukia huko. Nikamjibu ni goti tu la uzee, goti na tumbo wapi na wapi? Na wewe ulivyokuwa! Hata kukukanda ulinikataza: "Mtoto haoni paja la mama yake." Ukajichua mwenyewe chini ya kanga.

Basi tangu msiba sigusi chakula cha mama mdogo. Nikija kutoka Sombetini nabeba chapati zangu. Anaonja kwanza mbele yangu, kama desturi inavyotaka, na bado sili. Anafunika bakuli, analirudisha jikoni. Jumamosi ukoo ulikuwa ukae kikao aondoke kwako, na mimi ndiye niliyekiitisha.

Jana nimemkuta kizingitini, ameshika paja upande wa ndani, mguu haunyooki. Amekonda, gauni linamning'inia. Nikamuuliza ana nini.

"Goti tu, mwanangu. Uzee."

Mama, goti tena! Kwanza nikadhani anaigiza. Nikamtazama weee, jasho lilikuwa la kweli. Nikataka kuona hilo paja, akabana kanga: "Mtoto haoni paja la mama yake." Maneno yako, sauti yako! Nikakaa chini palepale nikalia. Loo, huyo daktari alisema kweli, na mimi nilimfunga mdomo.

Kikao nimekivunja. Wajomba wamenuna, wanune. Kesho asubuhi nampeleka kwa daktari yuleyule, apende asipende, na habari ya paja nitaisema kabla sijaulizwa.

Pumzika, Mama yangu. Mdogo wako nitamrudisha nyumbani kwako, Mungu akipenda. Siku atakayopika tena loshoro nitakula, nakuahidi. Nitakula kabla hajaonja.

Mwanao