Garimoshi Lililotoka Chuno

Chuno, Mtwara
14 Machi 1971

Kwa mtani wangu Josephu Ngonyani,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Hamjambo? Sisi wazima, ila goti langu siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Kama bado unaringa kwamba babu zako Wangoni walitukimbiza sisi Wayao, endelea kuringa, huna kingine.

Sasa cheka. Tangu reli yetu ya Nachingwea ing'olewe, wewe ukakimbilia bara nami nikabaki kulinda pampu ya maji, watu hudhani nimesahau kazi. Sijasahau. Miaka minne sasa natengeneza kichwa cha treni, kile kile tulichoendesha, ila hiki urefu wake ni mkono wangu. Kwa magurudumu nimeyeyusha koki mbovu za maji nikazimimina kwenye mchanga wa Ruvuma. Silinda nimezichonga kwa tupa mpaka kucha zikaisha. Boila ilinishinda kwa kukosa shaba. Mke wangu Sharifa alinitazama wiki nzima ninavyohangaika, kisha akateremsha ukutani sinia la shaba la marehemu mama yake. "Kata," akasema, "kabla sijabadili nia."

Juzi niliwasha kujaribu. Mkaa uliniishia, nikatia maganda ya korosho. Mtani, moshi ule! Mtaa mzima ulikohoa, na Bibi Amina wa jirani akahamia kwa mwanawe Magomeni ya hapa hapa Mtwara siku mbili. Mvuke ulipanda vizuri, lakini sina vali ya kuutoa ukizidi, nikamwaga moto mbio nisije nikapaa nao. Huko kwenye ushirika wenu wa mafundi hamkosi vali ndogo. Nitafutie.

Mtani wako,
Mfaume


Morogoro
2 Mei 1971

Mtumwa wangu Mfaume,

Nimefurahi kusikia u mzima. Shemeji Sharifa mpe pole, maana yeye ndiye anayesikiliza habari za goti. Sisi salama, mtoto wa tatu aliugua surua lakini anacheza sasa.

Vali ipo. Lakini nikikutumia utaifunga kinyume, nakujua. Na boila iliyolehemiwa uani haiwashwi hivi hivi. Lazima ijazwe maji, isukumwe kwa pampu mpaka mara mbili ya nguvu itakayobeba, tuone kama inavuja. Pampu tunayo na geji ya kupimia tunayo. Mpe Salumu wa melini alilete garimoshi lote, nitashuka pwani kulipokea. Nitalipima, nitalifunga vali, na kabla ya Ramadhani litakuwa kwako.

Mtani wako,
Josephu


Chuno
11 Juni 1971

Mtani,

Hatujambo, na ninyi? Liliondoka jana, ndani ya sanduku lililojaa sufi. Sharifa alilisindikiza mpaka bandarini kama binti anayeolewa mbali, hata nikaona wivu. Chini ya boila nimechonga majina yetu wawili kwa msumari. Herufi zimepinda. Usicheke, au cheka kidogo.

Mtani wako,
Mfaume


Chuno
9 Februari 1972

Mtani wangu Josephu,

Habari za siku nyingi? Afya zenu? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Ramadhani imepita, Idi zote mbili nazo zimepita. Salumu anasema alikukabidhi mkononi. Kama boila imepasuka, sema tu. Mimi kuchekwa nimezoea. Nimetandika reli uani kwa vyuma vya kufungia marobota, zimezunguka jiko lote, na mpaka leo abiria ni kuku.

Sharifa haulizi. Hilo ndilo linalonisumbua.

Mtani wako,
Mfaume


Chuno
24 Julai 1972

Josephu,

Hamjambo huko? Sisi tunaendelea.

Jana Issa, katibu wa tawi, alikuja na gazeti. Nilikuwa nimechuchumaa uani nafagia reli.

"Mzee Mfaume," akasema, "tazama wenzako wanavyojitegemea! Wewe na umri huo unachezea vyuma."

Akafungua picha ya Saba Saba. Garimoshi letu liko mezani, na ubao umeandikwa: Kazi ya Mafundi wa Ushirika. Pembeni umesimama wewe, umevaa tai, unapewa mkono. Issa alikuwa bado ananihubiria. Nikamwambia kazi nzuri kweli, fundi wake ana mkono. Ningesema nini zaidi? Nani angeniamini, na kuku wale wanapita relini?

Sharifa alishika gazeti muda mrefu. Kisha akalikunja, akarudi jikoni.

Niandikie. Hata uongo, niandikie.

Mtani wako,
Mfaume


Morogoro
15 Agosti 1972

Mtani wangu Mfaume,

Natumaini mu wazima. Sisi hatujambo.

Boila haikuvuja hata tone. Mwenyekiti wetu alikuta linatembea, na hatukuwa na kitu cha kupeleka Saba Saba. Akauliza nani katengeneza. Nikasema sisi. Neno lilinitoka, na likishatoka utalirudishaje? Majina yalifutika tulipong'arisha.

Kuna mgeni wa nchi za nje alilipenda sana, wakubwa wakampa zawadi. Limeondoka naye kwa ndege. Mimi nimefanywa msimamizi wa karakana.

Usikasirike, Myao. Mila unaijua: mtani akichukua chako, huruhusiwi kununa. Nitamletea shemeji sinia jipya.

Mtani wako,
Josephu


Chuno
3 Septemba 1972

Josephu,

Salamu. Hatujambo.

Mila naijua. Enzi za reli, baba yako alipokuja kukutembelea huku kutoka Songea, aliingia uani kwetu mchana kweupe, akakamata jogoo, akapita naye mbele ya mama yangu akicheka. Tulimzomea mpaka njia panda. Lakini mama alikuwapo, na mtaa mzima ulijua jogoo ni wa nani. Wewe umechukua jogoo, kisha ukawaambia watu umemwangua mwenyewe.

Sinia usilete. Sharifa ameng'oa ukutani msumari wa sinia la mama yake.

Kuna jambo moja. Kwetu, kabla maiti haijateremshwa, mtani hujitupa kaburini, akalala, akakataa kutoka mpaka apewe chochote, ili watu wacheke huku wanalia. Miaka yote nilijua wa kwangu ni wewe. Jana niliwaita wanangu, nikawaambia wamtafute Mngoni mwingine. Wakimkosa, wanizike kimya.

Mfaume Saidi,
Mlinzi wa pampu