Salamu ya Mikono Miwili

Bibi yangu Yustina,

Kamwene. Habari za huko ulikolala? Huku Kalenga wote ni wazima. Baba ni mzima, ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike, na alizeti uliyoiacha ikiwa na maua imekwisha kukamuliwa. Nimeyataja haya yote kabla ya kueleza shida yangu, kama ulivyonifundisha. Sasa naomba uketi kwenye kigoda chako unisikilize, kwa maana ninalo jambo la kukushukuru, na kabla ya hilo ninalo jambo la kuungama.

Nimekubaliwa, Bibi. Chuo cha ng'ambo nilichoomba kimenipa nafasi ya kusomea udaktari wa osteopathia, ule niliokueleza siku ile tukipukuchua mahindi: daktari kamili, mwenye kusoma eksirei na kuandika dawa, ambaye amefundishwa vilevile kuitumia mikono yake kuchunguza na kutibu misuli na viungo. Ulinitazama kwa muda mrefu, kisha ukasema, "Kwa hiyo unapanda ndege kufuata kitu kilichopo hapa barazani?" Tulicheka hadi Baba akatoka ndani kuuliza kulikoni.

Siku nilipotuma maombi yangu, nilikupigia simu kutoka Mwanjelwa, kwenye kliniki ninakofanya kazi ya fiziotherapia tangu nilipohitimu shahada. Nilikueleza kwamba wametaka insha kuhusu mtu wa kwanza aliyenifundisha kuwa mikono inaweza kutibu. Uliuliza swali moja tu: "Na mimi umeniandika humo?"

Nikajibu, "Ndiyo, Bibi."

Sikuwa nimekuandika. Nilimwandika mhadhiri wangu wa anatomia, mtu mwema, ambaye nilikutana naye nikiwa nimekwisha kujifunza kwako kila kitu alichokuja kukipa majina. Niliona aibu, Bibi. Niliwaza kwamba waheshimiwa wa chuo wakisoma habari za mwanamke asiyejua kusoma, anayenyoosha vifundo vya miguu kwa mafuta ya alizeti, wangeniona mshamba. Wiki tatu baadaye ulifariki, ukiwa unaliamini neno langu. Kwenye mazishi yako watu walinipa mkono mmoja baada ya mwingine, wakisema, "Bibi yako alituambia umemwandika." Nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Aliyenirudisha kwako ni mzee mmoja mkulima wa mpunga kutoka Rujewa. Alifika kliniki na mke wake, akilalamikia kiuno. Nilikuwa nimevaa koti langu jeupe, limepigwa pasi, na nilimnyooshea mkono kwa unyenyekevu wote, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko cha mkono wa kulia, kama sisi tunavyomsalimu mtu mzima, naye hujibu vivyo hivyo. Yeye akanipa mkono mmoja. Ule wa kushoto ukabaki unaning'inia. Moyoni nikasema, huyu ananidharau kwa sababu mimi ni msichana. Nikafupisha salamu, nikapima kiuno, nikamfundisha mazoezi ya kiuno, nikamruhusu.

Akarudi akiwa vilevile. Akanipa tena mkono mmoja. Nilipouliza kama mazoezi ameyafanya, mke wake akanijibu yeye.

"Mjukuu wangu, mazoezi gani? Huyu hata shati namvalisha mimi!"

"Nyamaza wewe," mzee akamwambia. "Mimi nimekuja na kiuno."

"Kiuno! Mwambie daktari ulivyoshindana na vijana kubeba gunia pale mashineni. Mwambie ulivyoangukia bega!"

Mzee akatazama ukuta. Na mimi, Bibi, ghafla nikawa nimekaa barazani kwako.

Nilikuwa kidato cha pili, niko likizo. Alikuja mama wa kwaya akilalamikia shingo. Wewe uliushika mkono wake na hukuuachia. Ukauliza habari za watoto, za viazi, za kuku, za mchungaji. Nikachoka, nikasema, "Bibi, shingo ndiyo inauma!" Ukanijibu bila hata kunigeukia, "Salimia kwanza. Shingo haikimbii." Alipoondoka ndipo ukanieleza kwamba wakati wote ule vidole vyako vilikuwa kazini, na kwamba mlango wa habari zote ulikuwa ile salamu yake ya kwanza, ya mkono mmoja. "Mtu mwenye adabu zake akishindwa kushika kiwiko, usimnunie. Muulize bega."

Yule mzee wa Rujewa hakunidharau. Mkono wake wa kushoto haukuweza kuvuka kifua. Kwa kuwa bega lilikuwa limekakamaa, kila kazi aliifanya kwa kupinda kiuno, na kiuno kikalalamika kwa niaba ya bega. Nilimwomba radhi kwa mikono miwili. Nikamtuma kwanza apigwe eksirei, kwa maana wewe mwenyewe hukugusa mfupa usioujua. Ilipoonekana hakuna palipovunjika, nikaanza kazi kwenye bega, taratibu, wiki baada ya wiki.

Usaili wa chuo ulifanyika kwa video. Walikuwa watu watatu. Mmoja wao, mama mwenye mvi, akaniomba nieleze kuhusu mgonjwa niliyemkosea. Nilikuwa nimeandaa jibu jingine, Bibi, jibu zuri lililonyooka, ambalo kosa lake lilifanana na sifa. Nikaliacha. Nikawaeleza kuhusu mzee wa Rujewa na salamu ya mkono mmoja. Kisha, kwa kuwa habari hiyo haiwezi kusimuliwa bila wewe, nikawaambia kwamba insha yangu haikusema kweli. Kwamba mwalimu wangu wa kwanza hakuwa mhadhiri, alikuwa bibi yangu wa Kalenga, na kwamba nilimficha kwa aibu. Nilijua ninachoweza kupoteza.

Mama yule akauliza, "Je, yalikuwepo ambayo bibi yako hakuweza kuyatibu?"

"Mengi," nikajibu. "Mfupa uliotoboa ngozi hakuugusa. Mtoto mwenye homa hakumkanda. Alikuwa anamwita baba yangu awapeleke hospitali ya Iringa, na mara nyingine alikwenda nao, akakaa kwenye benchi mpaka waitwe."

Akaandika kitu. Akasema, "Iandike upya hiyo insha, ututumie. Tutaamua kwa hiyo, siyo kwa ile ya kwanza."

Niliandika usiku huohuo, kurasa mbili. Mstari wa kwanza ulikuwa jina lako.

Majibu ya chuo yalipofika, mzee wa Rujewa alikuwa kliniki kwa mara ya mwisho. Alisimama mlangoni akanyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto ukapanda polepole, ukasita kifuani, ukafika kwenye kiwiko. Mke wake akapiga vigelegele hadi wauza vitunguu wa nje wakachungulia. Nililia, Bibi, na koti langu jeupe na heshima zangu zote. Sikuona haya.

Asante kwa vidole vyako. Asante kwa kukubali kwamba yapo usiyoyaweza, maana hilo ndilo lililowafanya watu wale watatu wakuamini kwa yale uliyoyaweza.

Ninaondoka mwezi ujao. Kigoda chako nimemwomba Baba asimpe mtu, nitakihitaji. Ninakuahidi kwamba nitarudi nikiwa daktari, na kwamba hakuna mgonjwa atakayelala kwenye kitanda changu kabla sijamuuliza habari za nyumbani kwake nikiwa nimeushika mkono wake.

Jana nilikwenda kaburini. Niliinama, nikanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko, nikakujibu upya lile swali uliloniuliza kwenye simu.

Ndiyo, Bibi. Nimekuandika.

Lala salama.

Mjukuu wako,
Tumaini