Kitabu Nilichokicheka Kabla ya Kukimaliza

Riruta, Nairobi
Ijumaa, baada ya kazi

Dada yangu mpenzi Mwanamkasi,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute u mzima, na mama kifua kimempoa. Mimi sijambo, ila baridi ya huku mwezi wa Julai haina huruma. Nalala na soksi, na mwenye nyumba ananicheka, ananiuliza kama sisi watu wa Malindi tumeumbwa kwa sukari. Kofia aliyonishonea mjomba imefika. Imenikaa vizuri, mwambie.

Uliniuliza nasoma nini siku hizi, ukataka nikwambie ukweli, si maneno ya kujipamba. Haya, ukweli huu hapa, ingawa nusu yake naona haya hata kuuandika.

Pale dukani tunapouza vitambaa kwa jumla, tuko watatu tunaopenda riwaya: mimi karani, Kariuki wa stoo, na Njeri anayepiga taipu. Tunaazimana vitabu. Saa ya chakula tunakwenda bustani ya Jeevanjee na mkate wetu, kila mmoja anatoa maoni yake, tunabishana kama mahakimu.

Cha kwanza alinipa Kariuki, kisa cha mpelelezi na mwizi aliyejificha ndani ya jeneza. Upuuzi mtupu, dada. Mwizi nilimjua kabla hajaingia humo, maana ndiye peke yake aliyekuwa akiwaheshimu polisi. Lakini nilikisoma mpaka maharagwe yakaungua jikoni. Cha pili kilikuwa kinene, kinasifiwa na kila msomi: mtu katoka Ulaya na digrii yake, karudi kwao, hapapendi tena. Yule bwana kabla ya kufungua mlango anafikiri kurasa nne. Kilinishinda. Na bustanini nikasema nini? "Kitabu kizito hicho, kina falsafa." Kariuki akatikisa kichwa kwa heshima. Huo ni uwongo mdogo, nao unaniaibisha kidogo. Kinachonichoma ni cha tatu.

Cha tatu alinipa Njeri, amekifunika kwa gazeti. Habari za mwanamke aliyekaa na mume miaka mingi bila mtoto, mume akamrudisha kwao. Nilisoma mpaka pale anaporudi na sanduku kichwani, watu wanamchungulia, naye hasemi neno. Nikachoka naye, nikakifunga.

Kesho yake Kariuki akauliza, "Bwana Athmani, na hiyo kitabu ya Njeri iko namna gani?"

Nami nikataka nionekane mjuzi wa kukosoa. Nikasema, "Mwandishi katuletea gogo. Mwanamke hana ulimi, hana kilio, hana hata tusi. Mke kama huyo hata mimi ningemrudisha."

Kariuki akacheka mpaka chai ikampalia. Nikanogewa. Nikainuka, nikajitwika mkoba wangu kichwani, nikapita mbele ya benchi kinyongenyonge, shingo imeinama, namwigiza yule mwanamke. Kariuki akazidi kucheka. Njeri alikuwa akikunja karatasi iliyofungiwa mkate wake. Akaikunja, akaikunja, mpaka ikawa haikunjiki tena. Halafu akasema polepole, "Mimi nilirudishwa, Athmani. Hata sanduku sikuwa nayo. Nguo zangu zilikuwa kwa gunia."

Akaenda zake. Kariuki akaangalia viatu vyake. Mimi bado nilikuwa nimeushika mkoba kichwani.

Dada, tangu nizaliwe sijaona haya kama ile. Siku zilizobaki za wiki ile Njeri hakuja bustanini. Dukani aliniletea karatasi zangu zimepigwa taipu bila kosa hata moja, bila kunitazama. Ningepata nafuu angenitukana.

Jumapili nikavaa kanzu, nikachukua majani ya chai na sukari, nikatembea mpaka kwao Uthiru kumwomba radhi. Nilidhani nitamkuta uani, niseme maneno yangu, nirudi. Kumbe aliyekuwa mlangoni ni mama yake, ndiyo kwanza ametoka kanisani. Akaitazama kanzu, akautazama mfuko wa sukari, uso ukamng'aa.

"Karibu, kijana, karibu! Wewe ndiye unafanya kazi na Njeri? Kaa hapo. Yeye hasemi mambo yake, lakini mimi nilijua kuna mtu."

Alidhani nimekuja kuposa, dada. Akapiga kelele mzee wake aitwe kutoka shambani. Mzee akaja, akanawa matope mikononi, akaketi mbele yangu, akangoja niseme.

"Mzee," nikasema, "sikuja kwa habari hiyo. Nimekuja kuomba msamaha. Nilimcheka binti yenu."

"Ulimcheka kwa nini?"

Kulijibu lile ni kulirudia mbele ya wazazi wake. Njeri alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Akajibu yeye: "Alicheka kitabu, baba. Ilikuwa kitabu tu."

Akanisitiri. Mimi niliyemvua nguo mbele ya mtu wa stoo, yeye akanisitiri kwa baba yake. Na mama yake, uso uliokuwa uking'aa ukazimika, akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Lile nalo ni kosa langu: nimempa mama wa watu tumaini, kisha nikampokonya kabla chai haijachemka.

Njeri akanisindikiza mpaka barabarani.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Umekuja kwa sababu yangu, ama ni kwa sababu yako, ndiyo upate usingizi?"

Hapo alinikamata, dada.

"Hiyo kitabu ulifika wapi?" akauliza.

"Pale anaporudi kwao."

"Hapo ni katikati. Sasa ulikuwa unatupatia maoni gani? Enda umalize. Halafu usinidanganye vile ulidanganya Kariuki na ile kinene. Ile hata mimi ilinishinda."

Nimekimaliza juzi. Maoni yangu ya kweli: katikati kinapwaya, kuna harusi ya binamu isiyo na kazi yoyote. Lakini yule mwanamke si gogo. Daktari alikwisha kumwambia kuwa yeye hana kasoro, kasoro ni ya mume. Akarudi kwao, akabeba maneno yote ya watu, asimtangaze. Mimi ningetangaza mji mzima. Jana nikamweleza Njeri hivyo hivyo. Akasema, "Hiyo harusi hata mimi niliruka." Leo amerudi bustanini, ila amekaa upande wa Kariuki, si upande wangu. Sina la kulalamika.

Sasa lililo gumu, dada. Nilipokuwa nasoma mara ya pili nilitafuta mwendo ule niliouigiza, kinyongenyonge, shingo imeinama. Haumo. Mwandishi anasema alitembea wima. Basi mimi niliutoa wapi? Niliutoa kwako, siku uliporudi kutoka kwa mumeo Mambrui. Nilikuwa mtoto, nikakukimbilia kukuuliza umeniletea nini. Watu wakasema lao, nikawaamini, na toka hapo sijakuuliza hata mara moja ilikuwaje. Umeninunulia daftari, umenifunza kusoma, nami nimekuigiza bustanini watu wakacheka.

Ukitaka kuniambia, niambie. Nitasikiliza mpaka mwisho, sitatia neno. Usipotaka, ni haki yako, na sitauliza kwa mtu mwingine.

Nisalimie mama, mjomba mshona kofia, shangazi wa ng'ambo ya kisima, na mwalimu wetu wa chuoni, mwambie sala sijaacha. Najua wewe ndiye humsomea mama barua zangu. Hii msomee yote, dada, usiruke pale penye aibu yangu. Lakini ukifika Mambrui, hapo amua wewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya,

Athmani